Mchana Nilipomngoja Senje

Majuzi nilipita Khayega nikaona watoto wakichungulia shimo la zamani la dhahabu, na harufu ya udongo mbichi ikanirudisha utotoni.

Nilikuwa msichana mdogo, na uhuru ulikuwa umepatikana juzijuzi tu, nilipoteleza nikaangukia shimo kama hilo. Senje, dada yake baba, alishuka kwa kamba. Alinifunga kiunoni kwa kamba hiyo hiyo akaniambia, "Shika sana, mama. Usiangalie chini." Watu wakanivuta. Nilipofika juu nilisikia kishindo kizito, kisha wanawake wakapiga mayowe. Shimo lilikuwa limemwangukia Senje.

Siku ya maziko katekista alisema kwamba Mwokozi alikubali kufa ili sisi tuishi, na siku ya tatu akafufuka. Sikujua alikuwa akimsema Yesu. Nilidhani anatusimulia habari za Senje, kwa sababu kila neno lilimhusu yeye.

Basi siku ya tatu, mchana, nilimpakulia obusuma, ugali wetu, na mboga, nikaenda kuketi kando ya kaburi lake. Nyuki walikuwa wakivuma shambani, kwenye mahindi yaliyochanua. Mama alinikuta pale.

"Unamngoja nani hapa?"

"Senje. Leo si ndiyo siku ya tatu?"

Mama akaketi karibu nami kwenye udongo mwekundu, akanishika mkono, tukamngoja pamoja.