Nchi ya Wasiokufa Niliyomsimulia Mama

"Yule hata betri za redio huziweka kinyume, ataweza mashine za hospitali?"

Alinisema hivyo jirani yetu kwenye foleni ya kusaga unga, kijijini kwetu Mkonze, na foleni nzima ikacheka, mama akiwa katikati yao na debe lake la uwele. Mama hakugombana. Aliwaendea haohao akawakopa ili nikasome: kwa jirani ndama, kwa mwingine magunia, kwa mwingine fedha ya zabibu. Nikaenda India, nikarudi na stashahada ya ufundi wa vifaa tiba. Leo mashine ya kusafisha damu ikigoma Dodoma hii, wanahangaika mafundi wawili watatu, halafu napigiwa simu mimi. Inawaka.

Mwaka wa pili tangu nirudi, figo za mama zikafa. Mara mbili kwa wiki alilala saa nne karibu na mashine niliyoifunga kwa mikono yangu. Ili asichoke, nikamsimulia dunia ya miaka elfu ijayo.

"Huko, mama, figo inachapwa kama picha ya pasipoti. Moyo ukichoka unabadilishwa asubuhi, jioni uko shambani. Hafi mtu."

"Nami nitaishi milele na miguu hii?" Akafunua shuka. Ilikuwa imevimba, ukiibonyeza, shimo linabaki.

"Utapewa mipya."

"Na yule karani wa ofisi za serikali kule Mtumba, anayeniambia kila siku nirudi kesho?"

"Yupo. Hastaafu."

"Yesu wangu!" Akacheka mpaka kengele ya mashine ikalia. Kisha akauliza, "Na watoto?"

"Hawazaliwi tena. Nafasi zimejaa."

Akaivuta shuka akaifunika miguu. "Na anayedai, huko anaambiwa nini?"

"Asubiri. Si muda upo?"

"Basi huko halipwi mtu, mwanangu. Wale wanaonidai mimi uwalipe kimyakimya, mmojammoja, mimi nikiona."

Sikutaka kimyakimya. Fedha nilikuwa nayo. Nilitaka siku moja yenye turubai, spika na ng'ombe, watu wa ile foleni waitwe kwa kipaza sauti waje wapokee. Nikamwambia asubiri zabibu zivunwe. Hadithi niliyomtungia yeye nilikuwa nimeiamini mimi.

Hakufika kwenye mavuno. Baadaye niliifungua ile mashine skrubu kwa skrubu, nikitafuta kosa. Ningefurahi kulipata. Ilikuwa nzima kabisa.

Siku ya mazishi turubai likafungwa uani kwetu, spika zikaletwa. Msemaji wa familia akatangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze. Hakusimama mtu. Nikachukua kipaza sauti, nikawaita mwenyewe kama nilivyopanga, nikampa kila mmoja bahasha yake mbele za watu, na waliodai wote nikawamaliza siku ile. Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa ndama, yule wa betri. Nikamwamkia shikamoo. Alipokea bahasha bila kuifungua.

"Marahaba. Mama yako alikuja kwangu wiki iliyopita," akasema, "kwa miguu ile. Akakaa pale kizingitini. Aliniomba nikuvumilie, eti unaniandalia sherehe."

Spika zilikuwa zimewashwa. Uwanja mzima ulisikia. Nikaita jina lililofuata.