Ubao wa Mama na Fidla ya Baba

Mama yangu alichora rangi tupu. Ndege hamna, mtu hamna, mnazi hamna. Babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, alimkataza kuchora chenye roho, naye akaona heri asichore kitu kabisa, apake rangi zikae pamoja basi. Majirani zetu wa mtaa wa Mabawa walikuwa wakimcheka: "Shoga, hata kuku jamani!" Mama huwajibu, "Kuku yuko jikoni, kamtazameni huko."

Ubao wake wa mwisho aliupaka kitandani, mgonjwa, miaka ile ya hamsini, kwa mabaki ya rangi za nyumba za Wazungu wa Raskazone alikofanya kazi mjomba. Nilimshikia mimi, kwa hiyo najua. Alianza kushoto kwa weupe, akaja kijani, akaja wekundu wa matofali. Halafu mkono ukamlemea, akamalizia kulia kwa weusi, tena haukufika ukingoni.

"Basi," akasema, "weka brashi."

Baba alikuwa mpiga fidla wa klabu ya taarabu. Alipouona ubao ule akapandwa na wazimu wake: atautungia bashrafu, ule muziki usio na maneno unaofungulia shughuli, kila rangi na sauti yake. Akausimamisha mbele ya wenzake, mahali pa nota.

Mpiga udi akauliza, "Sasa hii inasomwaje, bwana?"

"Kwani wewe hukupita chuoni? Anzia kulia!"

Wakaanzia kulia wote, kwenye weusi, wala hakuna aliyeshangaa. Weusi kwanza, weupe mwisho. Basi Baba akajiaminisha kuwa Mama atapona. Daktari alikwisha kumwambia hakuna dawa, lakini mfa maji haachi kutapatapa. "Mwenyewe kaandika," alikuwa akituambia. "Hamwoni?"

Walikuja kuipiga uani kwetu baada ya alasiri, Mama kaegemezwa mito. Nyuzi za udi na kanuni zikaanza chini, nzito, kodiani ikafuata, mpaka fidla ya Baba ikabaki peke yake kule juu, kwenye weupe. Wallahi ilikuwa nzuri. Baba alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Ndivyo, mama watoto?"

Nikafungua mdomo. Mama akanifinya paja, akanifinya kwelikweli, alama ikakaa siku kadhaa.

"Ndivyo hivyohivyo, bwana. Umepatia."

Nilikasirika sana. Nilitaka Baba ajue, amuage mkewe kama watu wanavyoagana. Lakini nilimtazama Mama alivyokuwa akimtazama, nikaenda kuwatilia wapigaji kahawa.

Alifariki machungwa ya Muheza yakiwa bado yamejaa sokoni. Nyumbani kwetu halikupigwa hata kopo, sembuse fidla. Arobaini ilipopita, Baba akautoa ubao, akaketi mbele yake na fidla begani.

"Wewe ndiye uliyemshikia," akaniambia. "Alianzia wapi?"

Nikamwonyesha kushoto. Akapiga weupe, akapiga kijani, akapiga wekundu polepole, kama asiyetaka kutoka pale. Akaingia kwenye weusi. Alipofika rangi ilipokatika, penye mbao tupu, upinde ukasimama.

"Kumbe alijua," akasema. "Nami nikampigia kinyumenyume, akaniambia nimepatia."