Gego Lililolala

Jana niliingia jikoni, harufu ya karafuu ikanipiga, mkono ukaenda wenyewe kwenye shavu langu la kushoto. Shangazi, dada yake baba, alikuwa anampaka binti yangu karafuu za kutwanga kwenye fizi iliyovimba. Nikamwaga kinu chote kwenye sinki. Ndiyo, mbele yake. Mniite sina adabu, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Fizi ya nyuma ikavimba, maumivu yakavuta mpaka sikioni. Nikijitazama kwenye kioo, jino silioni. Nyama tupu. Shangazi akanimulika mdomoni kwa tochi, akapiga kigelegele. "Gego la akili hilo! Mwali wetu anapevuka!" Akamwita na jirani aje aone.

"Hee, na hiyo akili mbona imekwama njiani?" jirani akasema. Wakacheka. Mimi machozi yananitoka.

"Mwali halii," Shangazi akaniambia. "Mvumilivu hula mbivu."

Nikavumilia, mjinga mimi. Miezi na miezi ya karafuu, mpaka hata uji kwangu ukawa na ladha ya pilau. Mwisho akanipeleka kwa fundi wa meno Kariakoo, kichumba nyuma ya duka la vitenge. Nikamwonyesha: huku nyuma. Nyuma hakuona kitu, basi akang'oa gego la mbele yake, zima, jeupe, na mizizi yake yote. Shangazi akalifunga kwenye leso, akanipongeza sokoni kote. Kabla hatujafika nyumbani maumivu yalikuwa palepale. Ningesemaje, na nimeshasifiwa?

Basi jana hiyohiyo nikampeleka binti yangu hadi hospitali, Shangazi nyuma yetu kanuna. Daktari akatuonyesha picha: gego limelala ndani ya fizi, linamsukuma mwenzake. "Ana kumi na mbili? Mmewahi. Tutapasua fizi kidogo, tulivute kwa waya, taratibu litasimama."

Kumbe. Hata langu halikuwa la akili. Lilikuwa limelala tu, linasubiri mtu wa kuliinua.

Nikamgeukia Shangazi. Akavuta shavu lake kwa kidole: pengo, upande uleule. "Na mimi nilipewa karafuu na bibi yako," akasema polepole.

Nilitaka kumwonea huruma. Hasira ikakataa. Kama uliyajua maumivu yale, Shangazi, kigelegele kilikuwa cha nini?