Dakika Chache Juu ya Milima ya Keroka

Wiki iliyopita nilipata habari kwamba mzee mmoja wa Kihindi, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Keroka, amefariki. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua nilipokuwa nikifundisha huko, kwanza kwa kununua misumari, kisha kwa chai ya tangawizi aliyonipa kila nilipopita, na baadaye kwa ubishi ambao hatukuumaliza.

Ubishi ulianza siku aliponisomea gazetini kwamba huko ng'ambo kuna watu wanaotaka kuunda chombo cha kuwabeba matajiri hadi ukingoni mwa anga. Wangekaa huko dakika chache, waione dunia ilivyojiviringa, kisha washuke. Mwezini wasingefika. Nikamwambia ni upuuzi, maana kwetu akina mama bado wanajifungulia njiani kwa kukosa gari. "Umesema kweli, mwalimu," akanijibu, akinimiminia chai. "Lakini mimi nikipata nafasi, nitaenda."

Nafasi aliyoipata ilikuwa ndogo zaidi. Rubani wa ndege ya wamisionari, mteja wake, alimrusha kutoka kiwanja kidogo nje ya mji wa Kisii, akamzungusha juu ya milima yetu na kumrudisha. Kesho yake nilimkuta dukani. Nikamuuliza aliona nini.

"Nimeona nyumba ya yule mzee wa Birongo," akasema. "Ni hapa tu, mwalimu. Nyuma ya kilima."

Nilielewa. Huyo mzee, mkulima wa chai na Msabato, alikuwa rafiki yake tangu ujana wao. Mkewe alipofariki, mwenye duka hakwenda mazishini. Alituma salamu kwamba mvua imeharibu barabara, na kwamba ni mbali. Tangu hapo mkulima alinunua mabati kwingine, na wakikutana sokoni kila mmoja aligeukia upande wake.

Jumapili iliyofuata mwenye duka aliniomba nimsindikize. Tulipanda kilima kwa miguu, akinishika mkono penye utelezi. Tulimkuta mkulima kwenye shamba lake la chai. Aliacha kuchuma.

"Barabara imetengenezwa?" akauliza.

"Hapana," mwenzake akajibu. "Haikuwa mbali. Nisamehe, omosani," akimwita rafiki kwa Kigusii.

Mkulima alimshika rafiki yake mkono, akampeleka nyuma ya nyumba penye kaburi la mkewe, nami nikabaki nyuma. Walisimama hapo wakimzungumzia marehemu, mpaka tulipoitwa kula.

Majuzi kijana mmoja ameniuliza kama safari hizo za anga zina maana yoyote. Bado nasema zahanati zitangulie, na hapo sisogei. Ila siku hizi siwacheki wanaotamani kupanda. Nawauliza tu: ukishaona kwamba dunia ni ndogo kiasi hicho, ukishuka utakwenda kwa nani?