Shikamoo ya Kaka

Mie niliacha shule darasa la sita nikaanza kuzurura. Nilibeba mifuko ya saruji Wazo, nikapara samaki Kunduchi, nikitaka tu kujua watu wengine wanaishije. Kaka yangu hakwenda popote. Alibaki Mwenge kwenye kibanda cha mjomba, akachonga mpingo mpaka wageni wakawa wanamuulizia kwa jina.

Kwetu, watu wa kusini, mjomba ndiye mwenye watoto. Yeye ndiye aliyetushikisha tezo, mie, kaka na binamu zetu wote. Lakini macho yake yalikuwa yanafifia, na kaka alikuwa anataka duka la vinyago lenye vioo mbele, kisha safu nzima ya vibanda. Akaenda kimyakimya kwa mwenye eneo, akaandikisha kibanda kwa jina lake mwenyewe. Asubuhi moja mjomba akakuta kigoda chake kimetolewa nje juani, kwa wapiga msasa.

Hakugomba. Aliuliza kama hapo ndipo pake siku hizi. Kaka akamjibu kuwa wateja hawapendi kuona mzee anapapasa. Mjomba akafunga patasi zake kwenye kanga kuukuu, akaja Mbagala kwa dada yake, mama yetu.

Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa barazani, mikono mapajani, chakula hakigusi. Binamu nao waliondoka Mwenge mmoja mmoja. Hakuna aliyetaka kuchonga mahali alipofukuzwa aliyemfundisha.

Jumapili moja kaka alikuja na gari, kapakia mchele na mafuta. Mama alikuwa uani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

Mama akaendelea kuchambua. Kaka akarudia. Sijawahi kuona shikamoo ikiachwa hivyo. Akajichekesha, akasema bi mkubwa masikio yake yako likizo. Hatukucheka. Akaahidi kumtunza mjomba, awe anakula na kulala tu.

"Sijakuomba matunzo," mama alisema bila kuinua macho. "Mrudishe ndugu yangu kwenye kigoda chake, kule ndani. Ukishamrudisha, njoo unisalimie."

Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikamwambia, braza, ni kigoda tu.

"Nikimrudisha wataniona nimeshindwa," alisema. "Nimebakiza kidogo tu duka likamilike, mdogo wangu."

Masika ya mwaka huo mjomba akafariki, patasi zikiwa bado kwenye kanga. Makaburini watu walimpisha kaka kama wanavyompisha mgeni. Alitupia udongo wake, akabaki amesimama na mikono michafu, hakuna aliyemsogelea. Aliyetakiwa arudishwe alikuwa chini.

Duka la vioo analo sasa. Vinyago ananunua kwa watu baki. Jioni hunipigia simu, hana habari yoyote, huniomba tu nimuwekee mama. Naiweka simu mkekani, karibu na goti lake.

"Shikamoo mama."

Halafu anasubiri. Zamani ukimpigia ulisikia tezo nyuma yake, na binamu wakitaniana. Siku hizi nasikia pumzi zake tu. Mama huitazama simu mpaka inakatika, kisha hunisukumia nikaichaji, kesho isije ikazima.