Mwalimu Adolphine Anasomesha kwa Kinu

Kengele ya saa moja na nusu imekwisha kulia, na mwalimu Adolphine hajasema neno. Ameshika mchi mbele ya wanafunzi sitini na wawili wa darasa la tatu, hapa mjini Baraka, mashariki mwa Kongo. Anaonyesha neno la Kifaransa ubaoni, magasin, yaani duka, kisha anatwanga kinu kitupu mara tatu. Pigo la mwisho ndilo zito.

"Ma-ga-SIN," wanaitika watoto.

Mwaka juzi alipasuliwa uvimbe wa shingo. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaondoka nao. Siku hizi ananong'ona tu, na ukitaka kumsikia sharti uinamishe sikio.

"Sauti iliisha, lakini mikono iko," ananiambia.

Wazo lilimjia jikoni, akitwanga sombe, majani ya muhogo, na dada yake Marthe. Sisi Waswahili tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, na watoto walikuwa wakisoma Kifaransa hivyo hivyo, ilhali Kifaransa hukazia ya mwisho.

"Niligombana nabo miaka kumi na moja," anasema. "Kinu kilibafundisha mu wiki mbili."

Wazazi hawakupenda. Bubu atafundishaje kusoma, walilalamika. Mwezi uliopita akashuka mkaguzi wa shule kutoka Fizi. Akaamuru watoto wasome mbele yake bila kinu, maana kinu mahali pake ni jikoni. Wakishindwa, Adolphine atolewe darasani, akapange karatasi ofisini. Mimi niliyesimuliwa tu, iliniuma.

Siku hiyo alisimama mikono mitupu. Watoto walitazama ubao, wakatazamana. Kisha Riziki, msichana wa dawati la mbele, akaanza kupiga goti lake kwa kiganja, polepole, na pigo la mwisho kwa nguvu. Darasa zima likamfuata. Walisoma ubao mzima bila kukosea.

Mkaguzi akafunga daftari. "Madame, rudisha kinu yako," akasema.

"Nililia," anasema Adolphine. "Bila sauti, lakini nililia."

Sasa anangoja siku ya matokeo, mwisho wa mwaka, mwalimu anaposimama mbele ya wazazi na kuita majina. Wenzake wamejitolea kumwitia. Amekataa. Ataita kwa kinu, na tayari kila mtoto anajua mapigo ya jina lake.

Namuuliza, je, wale ambao mapigo yao yanafanana?

"Basimame bote," ananong'ona, akicheka. "Ile siku, sitaki mutoto hata moja abakie chini."