Ufunguo Uliotupwa Chooni Mafubira

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Nabuyonga, Mbale. Alikuwa mama mmoja, sauti kavu: "Mzee wako wa stesheni amefariki. Tunazika kesho." Wasomaji wangu mtauliza stesheni gani, maana pale pembeni mwa Mafubira, nje kidogo ya Jinja, leo pana maghala ya saruji na lango la chuma. Stesheni ilikuwepo, nawaambia! Ndogo, benchi mbili na paa la mabati mekundu, na marehemu ndiye aliyekuwa mkuu wake, karani wake na mfagizi wake.

Enzi za utawala wa kijeshi, treni iliyojaa askari ilisimama pale mchana, inataka kwenda Tororo. Reli ni moja tu, na treni ya abiria kutoka Mbale ilikuwa njiani inakuja; zingegongana uso kwa uso. Sheria ya kazi yake ilikuwa wazi: njia inafungwa kwa kufuli, ufunguo anakaa nao yeye, na haitoki treni mpaka inayokuja iingie. Afisa akamwekea bunduki shingoni. "Fungua njia! Funguo iko wapi?" Mzee alikuwa ameshautupa kwenye choo cha shimo tangu alipowaona wakishuka kwa fujo. Akajibu, "Iko chooni, afande. Ingia chukua."

Lo, walimpiga! Vitako vya bunduki vilimng'oa meno, buti zikamvunja mbavu, na mkono wake wa kulia wakauponda kwa nyundo juu ya reli. Walipokuwa bado wanaligonga lile kufuli, treni ya Mbale ikaingia ikipiga honi, imejaa akina mama wenye magunia ya vitunguu, na watoto wao. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Mama alinifunika macho kwa kitambaa, lakini nilishaona: mtu amelala kwenye kokoto, damu inamtoka mdomoni, anayahesabu mabehewa yetu kwa mkono wa kushoto ahakikishe yameingia yote.

Treni zilipokoma alirudi kwao Mbale. Aliposikia stesheni inabomolewa, akaja ofisini kwangu gazetini. "Mwanangu, andika. Watu wajue kwanza, halafu wavunje." Nikamwambia wiki ijayo. Wiki hiyo niliandika kuhusu mashimo ya barabarani, Mungu anisamehe. Tingatinga lilipofika alikuwa amesimama mlangoni peke yake, na walinzi wa mwenye kiwanja wakamshukia kwa marungu mpaka akaanguka, karibu na alipoangukia mara ya kwanza. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na daftari mfukoni. Sikuvuka. Niliogopa, basi.

Tunaambiwa nchi inajengwa, na sawa, ijengwe. Ila inaniudhi kuona vijana wanapakia saruji pale, wakipiga soga, bila kujua wamekanyaga wapi. Nani angewaambia? Ilikuwa kazi yangu mimi.

Makaburini, mjane wake alinishika mkono. "Alikuwa ananunua gazeti lako kila wiki, anatafuta stesheni yake. Akiikosa anasema, mtoto ana kazi nyingi."

Nimejifunza kwamba mwenye ufunguo aliamua mara moja, bunduki ikija. Mwenye kalamu alisubiri pawe salama. Mzee, stesheni yako ndiyo hii, nimeiandika. Aliyekuwa anaisubiri tumemzika Jumatano.